Kompyuta ya milioni tatu na nusu, bodi ya milioni na ushei?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nimedunduliza hadi nimefikisha shilingi 3,500,000 za kujenga kompyuta ya magemu. Nacheza mpira, mbio za magari na yale ya risasi, na nina skrini ya 1440p aliyoniachia kaka yangu. Muuza duka ameniandikia hivi: mazabodi ya X670E 1,350,000, prosesa ya Ryzen 5 7600 620,000, RAM ya GB 32 380,000, SSD ya TB 1 200,000, kadi ya grafiksi ya RX 6600 700,000, kasha na pawa saplai 250,000. Anasema bodi ndiyo msingi: nikichukua ya juu kabisa fremu zitaongezeka, haitatishwa na joto la huku, na nitaikalia miaka kumi nikibadilisha vingine tu. Dukani kwake ipo pia bodi ya B650 kwa 580,000, na kadi ya RX 7700 XT kwa 1,300,000. Nimfuate?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kudunduliza. Nikujibu kabisa usije ukakaa roho juu: usimfuate. Chukua hiyo B650, kwa masharti nitakayokutajia chini, na zile 770,000 zitakazookolewa zigawe hivi: 600,000 zikupandishe kutoka RX 6600 hadi RX 7700 XT, na 170,000 ziongezwe kwenye pawa saplai. Jumla inabaki ile ile 3,500,000, lakini utakuwa na kompyuta tofauti kabisa. Sasa nikueleze kwa nini, maana huyo muuzaji atakubishia, na ni vizuri uwe na la kumjibu.

Tuanze na fremu, yaani idadi ya picha unazoonyeshwa kila sekunde. Picha unayoiona kwenye gemu inachorwa na kadi ya grafiksi. Prosesa inaiandalia kadi kazi: mchezaji yuko wapi, mpira umegonga nini, risasi imepita wapi. RAM inashika vitu vilivyo karibu kutumika. Bodi yenyewe haichori wala haihesabu. Inapitisha umeme na inapitisha data. Ukichukua prosesa moja, RAM moja na kadi moja, ukavifunga kwenye B650 nzuri, halafu ukavihamishia kwenye X670E kwa mipangilio ile ile, tofauti ya fremu ni ndogo kiasi kwamba jicho halitaiona. Ila ukibadilisha kadi, hata mdogo wako aliyekaa kwenye kochi ataiona. RX 6600 ilitoka Oktoba 2021, imelengwa kwa 1080p (skrini yenye mistari 1,080 ya nukta; yako ina 1,440, kazi zaidi kwa kadi), ina GB 8 za kumbukumbu na inaishughulikia 1080p vizuri. Kwenye hiyo skrini ya kaka yako ya 1440p itakuwa inahema, na kwenye magemu mapya utalazimika kushusha ubora wa picha kila mara. RX 7700 XT ya 2023 ina GB 12 na ilitengenezwa kwa ajili ya 1440p hasa. Hapo ndipo fremu zako zilipo.

Muuzaji anaweza kukuambia kuwa X670E ina PCIe 5.0 (PCIe ni njia ya kupitishia data, na namba ni toleo lake) kwenye sloti ya kadi na B650 ina 4.0. Ni kweli. Lakini RX 7700 XT yenyewe ni ya PCIe 4.0, na RX 6600 ni 4.0 tena inatumia njia nane tu kati ya kumi na sita. Ukiichomeka kadi ya 4.0 kwenye sloti ya 5.0, itaongea kwa 4.0. Umenunua barabara ya njia nyingi na gari lako ni lile lile.

Na ile namba kubwa ya 670 inawachanganya wengi. Watu wanadhani X670E ina chipseti (chipu ya bodi inayohudumia matundu yake) yenye kasi zaidi, kama vile prosesa ya namba kubwa ilivyo na kasi zaidi. Sivyo. B650 ina chipu moja ya chipseti. X670E ina mbili za aina ile ile, ya pili imefungwa nyuma ya ya kwanza kama tela, na zote mbili zinaongea na prosesa kupitia mlango mmoja wa njia nne za PCIe 4.0. Unachopata ni matundu mengi zaidi: USB nyingi, sloti za M.2 (za SSD) nyingi, matundu ya SATA (ya diski) ya ziada. Mtu mwenye diski sita na kadi ya kunasia video anavihitaji hivyo. Wewe una SSD moja, kipanya, kibodi na hedifoni. Tena hiyo SSD, pamoja na kadi ya grafiksi, kwenye soketi ya AM5, yaani kikalio cha prosesa yako kwenye bodi, huwa zinaongea moja kwa moja na prosesa bila kupitia chipseti kabisa. Vitu viwili unavyovitegemea kwa gemu havijui hata kama nyuma yao kuna chipseti moja au mbili.

Sasa umeme, maana hapa ndipo hoja ya muuzaji ina nusu ya ukweli, nami sitaki kumdhulumu.

Pawa saplai inapeleka volti 12 kwenye bodi. Prosesa haili volti 12; inakula volti moja na kidogo, tuseme 1.2, lakini kwa ampea nyingi. Kazi ya kushusha volti hiyo inafanywa na safu ya vipande vidogo unavyoviona vimepangwa kuizunguka soketi: swichi za umeme, koili zilizofunikwa kama vijiboksi vya kijivu, na kapasita. Kila seti ya swichi na koili yake tunaiita awamu, na awamu zinapokezana zamu ili isichoke moja. Bodi ya bei inakuwa na awamu nyingi na kila moja inahimili ampea nyingi. Hayo si uongo, na bodi dhaifu sana ikipewa prosesa kubwa kweli inapunguza mwendo au inakufa mapema.

Lakini piga hesabu ya prosesa yako. Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, na kikomo chake halisi cha umeme kwenye soketi ni wati 88. Gawa 88 kwa 1.2, unapata kama ampea 73. Bodi ya kawaida yenye awamu nane za ampea 50 kila moja inahimili, kwa karatasi, ampea 400. Bodi kubwa yenye awamu 18 za ampea 110 inafika 1,980. Wewe unahitaji 73. Hata ukija kuiweka Ryzen 7 7800X3D, ambayo wachezaji wengi wanaitamani, kikomo chake ni wati 162, yaani kama ampea 135. Hata Ryzen 9 7950X yenye kori 16, yenye kikomo cha wati 230, inafika kama 190. Muuzaji amesema bodi ni msingi, nami nakubali. Ila hakuna fundi mwashi mwenye huruma na mfuko wako atakayekuchimbia msingi wa ghorofa kumi kwa nyumba ya vyumba vitatu, halafu saruji ikaisha kabla ya kuezeka.

Kuhusu joto la Tanga. Mimi nafanyia kazi Dar es Salaam na joto letu ni la familia moja na la kwenu, kwa hiyo swali hili nalichukulia kwa uzito. Ile safu ya kushusha volti inapoteza sehemu ya umeme kama joto. Ukichukulia upotevu wa asilimia kumi, kwa wati 88 ni wati tisa hivi, sawa na joto la balbu ndogo ya LED, tena limesambaa kwenye vipande vingi. Kipande cha aluminiamu cha kupoza chenye uzito wa maana kinamudu hilo hata chumba kikiwa na nyuzi 33. Kinachoua kompyuta za pwani ni kasha lenye kioo mbele kisichopitisha hewa, feni moja, na vumbi lililogandamana na unyevu mpaka limekuwa kama ukoko wa ugali. Weka feni mbili za kuvuta hewa mbele na moja ya kutoa nyuma, inua kasha kutoka sakafuni, na kila baada ya miezi miwili ulipulize vumbi huku umeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Na hewa ya chumvi haiulizi bei. Bodi ya 1,350,000 ikikaa dirishani upande wa bahari itaota kutu kwenye matundu yake sawasawa na ya 580,000. Iweke ndani, mbali na dirisha, na iwashe mara kwa mara, maana kompyuta inayolala wiki tatu bila kuwashwa kwenye unyevu inaharibika haraka kuliko inayofanya kazi.

Jambo lililoniuma zaidi kwenye orodha yako ni kwamba kasha na pawa saplai vyote viwili vimepewa 250,000. Nitakusimulia. Kuna kijana aliniletea kompyuta yenye bodi ya kifahari kuliko zote nilizowahi kuzifunga mwaka ule. Pawa saplai yake ilikuwa ile inayokuja bure ndani ya kasha, nyepesi kama boksi la viberiti, imeandikwa wati nyingi kwa herufi kubwa. Umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, na ile pawa saplai ikafa. Ilipokufa haikufa peke yake. Iliondoka na bodi, na bodi ikaondoka na SSD. Zile awamu nyingi alizozilipia hazikuweza kumsaidia, kwa sababu zinaanza kazi baada ya volti 12 kuingia. Zenyewe zinategemea hiyo 12 iwe 12 kweli. Nilimrudishia kadi ya grafiksi na RAM tu, na uso wake sijausahau.

Kwa hiyo ile 420,000 itakayopatikana, tafuta pawa saplai ya wati 700 au 750 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, ya 80 Plus Bronze au Gold, na kasha la kawaida linalopumua. Alama ya 80 Plus inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea, haipimi usalama, hivyo jina la mtengenezaji na miaka ya waranti bado vina uzito. RX 7700 XT yenyewe inakula kama wati 245, kwa hiyo wati 700 si anasa. Halafu mshahara ujao, kabla ya kununua gemu lolote, nunua UPS (betri ya akiba ya umeme) yenye kirekebisha volti ndani yake. Mpaka hapo, umeme ukikatika, chomoa waya ukutani na usirudishe mpaka taa za nyumbani zitulie dakika kadhaa.

Miaka kumi sasa. Ni kweli soketi ya AM5 ina maisha marefu. Ilianza Septemba 2022 na AMD, watengenezaji wa Ryzen, wamesema wataitumikia hadi 2027 na kuendelea. Tayari bodi za mwanzo zimepokea prosesa za Ryzen 9000 zilizoanza kutoka 2024, kwa kusasisha BIOS tu, ile programu ndogo ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta. Lakini angalia: uhai huo ni wa soketi, na B650 ina soketi ile ile. Tulishaliona kwenye AM4, soketi iliyotangulia. Bodi za B350 za 2017, zilizokuwa za bei ya chini na ya kati, nyingi zilikuja kuruhusiwa kupokea Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022. Miaka mitano, bodi ile ile, na mwenyewe alinunua ya kawaida. Aliyenunua bodi ghali ya X370 mwaka ule alifika mahali pale pale. Na kitakachoizeesha bodi yako hakitakuwa udhaifu wake. Itakuwa siku soketi mpya na RAM ya aina mpya vitakapokuja, na siku hiyo bodi ya bei kubwa na ya kati zitazeeka pamoja.

Nisikupeleke pia upande wa pili. Wako watakaokusikia ukikataa X670E wakuambie basi chukua A620, bodi ya bei ya chini ya soketi hii hii, okoa zaidi. Hapana. A620 nyingi zimepunguzwa mno: sehemu ya umeme haina kipande cha kupoza, sloti ya M.2 ni moja, na prosesa huwezi kuisukuma kupita kasi ya kiwandani. Zinafaa ofisini. Kwako, kesho ukitaka 7800X3D utajuta. Bei ya kati ndiyo mahali ambapo kila shilingi inanunua kitu unachokigusa.

Sasa masharti ya ile B650, maana si B650 zote zina hali moja, na bei ya 580,000 inatakiwa ikupe vitu fulani. Mwambie akufungulie boksi. Kwanza angalia sehemu ya umeme kuizunguka soketi: vipande vya aluminiamu viwe pande zote mbili, juu na kushoto, na viwe vizito vyenye mifereji, si bati jembamba la urembo. Angalia RAM: sloti nne au mbili si hoja, kwa sababu utatumia vijiti viwili vya GB 16 na hutaongeza vingine. DDR5, aina ya RAM ya AM5, ikiwa na vijiti vinne hushuka kasi sana, ndiyo maana nimefurahi kuona umeanza na GB 32 moja kwa moja. Hakikisha tu ni vijiti viwili na si kimoja cha 32. Sloti za M.2 ziwe walau mbili, ili ukiongeza SSD baadaye usilazimike kuhamisha ya kwanza.

Kisha geuza bodi utazame matundu ya nyuma. Tafuta kitufe kidogo kilichoandikwa Flash BIOS au BIOS Flashback. Hicho mimi nakithamini kuliko taa zote za rangi. Kinakuruhusu kusasisha BIOS kwa flashi ya USB hata kama prosesa haijawekwa. Bodi za B650 zinaweza kuwa zimekaa stoo tangu 2022 au 2023, na ukiichukua siku moja prosesa mpya kuliko BIOS yake, bila kitufe hicho kompyuta haitawaka na utaanza kutafuta mtu wa kukuazima prosesa ya zamani. Tena mwaka 2023, mwezi wa Aprili, kulitokea visa vya prosesa za Ryzen 7000 za aina ya X3D kuungua, na AMD pamoja na watengenezaji wa bodi wakatoa BIOS zinazozuia umeme wa sehemu moja ya prosesa usizidi volti 1.3. Bodi ya stoo ya kabla ya hapo haina kikomo hicho. Kwa hiyo kusasisha BIOS iwe kazi yako ya kwanza, hata kama kila kitu kimewaka vizuri.

Kama nyumbani unatumia Wi-Fi, chukua iliyo na Wi-Fi ndani yake na antena zake ziwe kwenye boksi. Usilipie zaidi kwa ajili ya mtandao wa waya wa gigabiti 2.5 au 5; intaneti ya nyumbani haifiki huko, na gemu la mtandaoni linataka uthabiti, halitaki upana. Usilipie pia chipu ya sauti ya kifahari kama hedifoni yako ni ya USB, kwa sababu hedifoni ya USB ina chipu yake yenyewe na ya bodi haitumiki kabisa.

Mwisho wa ukaguzi ni pini. Kwenye AM5 pini ziko kwenye bodi, 1,718, nyembamba kama nywele. Washa tochi ya simu, iinamishe pembeni, na utazame soketi kutoka pande zote. Mistari iwe imenyooka kama mashamba ya mkonge unayoyaona ukitoka Tanga kwenda Muheza. Ukiona moja imelala tofauti, rudisha boksi hapo hapo, kwa sababu pini iliyopinda waranti huwa haiikubali na utaambiwa umeipinda wewe. Kile kifuniko cha plastiki cha soketi usikitupe. Siku ya kudai waranti wanaweza kukitaka. Risiti iandikwe namba ya bodi, ile iliyo kwenye boksi na kwenye bodi yenyewe, na uzilinganishe zote mbili ukiwa bado kaunta.

Kwa haki, kuna watu ninaowafungia X670E bila kusita. Wapo wahariri wa video wenye Ryzen 9 na SSD nne, na wapo wenye kamera zinazohitaji USB za kasi nyingi kwa wakati mmoja. Kwao bodi inarudisha pesa yake. Ukija kuanza kazi hizo, na zikakulipa, tuzungumze upya.

Siku ya kufunga, kama bodi ina sloti nne za RAM, weka vijiti kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi ya grafiksi; ukiuchomeka kwenye bodi, Ryzen 5 7600 ina grafiksi yake ndogo ndani na utaona picha, halafu utashangaa gemu linakokota. Kisha washa, na hapa naomba uvumilivu wako wote. DDR5 kwenye AM5, mara ya kwanza, inajipima yenyewe kabla ya kuonyesha chochote. Feni zitazunguka, taa ndogo ya RAM kwenye bodi itakaa imewaka, na skrini itabaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Nimepokea bodi nzima zilizorudishwa kwa sababu mwenyewe alizima baada ya dakika mbili, akawasha, akazima, kila mara akilianzisha zoezi upya. Wewe kaa, mpe robo saa. Ikiwaka, ingia BIOS, isasishe, halafu washa EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake, la sivyo RAM yako, tuseme ni ya 6000, itatembea kwa 4800 na hutajua kwa nini.

Nitumie picha ya boksi la hiyo B650 kabla hujalipa. Kama haina hicho kitufe cha nyuma au aluminiamu yake ni ya upande mmoja, nitakutajia nyingine ya bei hiyo hiyo.